Fundi Aliyekatazwa Kupona

Kwanza niwaombe kitu kimoja, nyinyi wanafunzi wa uuguzi mnaokuja kwangu na simu mkononi mkitaka niwasimulie habari za ergo hapa Likasi. Kaeni chini, wekeni simu mfukoni, na msinitazame kama jengo la zamani. Bado nasikia vizuri. Meno yamepungua, ndiyo, lakini ulimi ni mzima, waulizeni wakwe zangu.

Anayeandika ni mjukuu wangu aliyesoma Mulungwishi. Mimi nasema "bantu", yeye anaandika "watu", ati vitabu vinataka Kiswahili bora. Nimemwachia, kalamu ni yake. Ila nimemkataza kugusa maneno ya watu wengine. Kila mtu humu atasema kama alivyosema, "minye" kwa "mimi", "njo" kwa "ndiye", na asiyeelewa aje akae Likasi kidogo, ataelewa.

Haya. Ergo ni nini? Jina lote ni refu, la Kifaransa, linajaza mdomo kama bukari ya moto, ule ugali wetu. Maana yake ni kumtibu mgonjwa wa akili kwa kumpa kazi ya mikono, na ndiyo niliyoifanya miaka yote katika hospitali ya wendawazimu hapa. Majirani zangu wa Kikula walikuwa wananicheka: "Minye natumika tangu asubui mpaka mangaribi, na kichwa inaniluma tu. Weye unasema kazi iko dawa?" Nilikuwa nawajibu kwamba dawa ina kipimo. Wewe unakunywa chupa nzima, mgonjwa wangu nampa kijiko.

Aliyenifundisha ni Papa Ilunga, nesi wa zamani, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ananiambia: "Usiangalie mudomo, mama. Angalia mikono. Mudomo inaweza kukudanganya mwaka muzima." Msimfanye mtakatifu. Baada ya chakula cha mchana alikuwa anajifungia katika stoo ya mafagio na kukoroma mpaka bati la paa linatetemeka, na wagonjwa wananiuliza kwa adabu kama na yeye amelazwa. Lakini mikono alikuwa anaijua kuisoma.

Alinifundisha kwamba kazi ya kwanza lazima iishe siku hiyohiyo. Mtu asiyeamini kwamba kesho itafika, usimpe kikapu cha kusuka wiki nzima, unamtukana. Mpe maharage achague. Mchana yako kwenye chungu, jioni yako tumboni mwake, ameona mwanzo na mwisho. Na uulize mikono yake ilikuwa inafanya nini kabla ya ugonjwa. Hapo ndipo wataalamu wetu walikuwa wanajikwaa. Alikuja mama mmoja kutoka Ulaya na sanduku la karatasi za rangi, na mikasi isiyo na ncha. Akamkalisha dereva wa zamani wa treni, mwanaume wa kifua hiki, akamwonyesha jinsi ya kukata maua. Yule dereva akaitazama karatasi, akamtazama yule mama, akanigeukia kwa huruma ya kweli: "Masikini. Eko analala mu chumba gani, huyu?"

Mnacheka. Juzi nimeona kwenu mnawapa wagonjwa shanga. Wote shanga! Fundi wa moto wa kuyeyusha shaba, shanga. Mwalimu, shanga. Mama aliyekuwa anauza samaki sokoni na kuwapigia kelele wateja mpaka ng'ambo ya barabara, shanga. Basi endeleeni, mtafungua duka.

Sasa niwapeleke kwenye ile miaka ya tisini, maana najua ndiyo mliyoijia. Nchi ilikuwa inaanguka, na ilianguka kwa utaratibu mzuri kabisa, haikusahau chumba hata kimoja. Kwanza dawa zikaisha. Daktari wa vichwa aliyekuwa anatoka Lubumbashi akakosa mafuta ya gari, akaacha kuja. Mishahara ikawa kitu cha kukumbuka, kama harusi. Karakana za kampuni ya shaba zikafungwa moja baada ya nyingine. Kitu kimoja tu hakikukatika hospitalini, umeme wa bwawa la Koni, ili tuone vizuri kwamba hatuna kitu.

Kikabaki chumba changu cha ergo, kile walichokuwa wanakiita chumba cha michezo. Tulikuwa tunatengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, kwa mabati ya mapipa makuukuu. Wamama wa Kikula walikuwa wanakuja na unga wa mahindi, wanaondoka na mbabula. Unga huo ndio tuliokuwa tunakula sote, wagonjwa, manesi, mlinzi wa geti, na Shefu.

Shefu ndiye aliyekuwa msimamizi wa hospitali. Si daktari. Alikuwa mtu wa tai, hata siku ambayo sabuni haikuwepo mjini kote tai yake ilikuwa imenyooka. Zamani alikuwa anapita mbele ya chumba changu huku amegeuza uso. Njaa ilipoingia akaanza kusimama, anasalimia, anauliza habari za watoto. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye rundo la mbabula. Sayansi ya ergo ilipata mpenzi mkubwa mwaka ule, nawaambieni.

Na mbabula nzuri kuliko zote zilikuwa za Papa Kabeya.

Papa Kabeya alikuwa fundi vyuma wa karakana moja ya kampuni, upande wa Shituru. Wazazi wake walitoka Kasai zamani kuja kufanya kazi ya mgodi, yeye amezaliwa hapa, ameoa hapa, amezaa hapa. Karakana ilipofungwa aliendelea kuamka asubuhi, kuvaa ovaroli, kwenda kusimama mbele ya geti lenye kufuli mpaka saa ya kutoka kazini. Kisha anarudi nyumbani kuoga. Baadaye akaacha kwenda. Akaacha kusema. Akaacha kula. Mke wake, Mama Ngalula, akamleta kwetu akimshika kiwiko kama kipofu.

Mikono yake alikuwa ameifungia kwapani, yote miwili, hata akilala. Nilimwekea maharage, hakuyagusa. Nilimpa ufagio, ukaanguka. Siku moja nikamwekea mbele mbabula iliyotengenezwa na mgonjwa mwenzake, mbovu, kimlango kimepinda, miguu kila mmoja na safari yake. Nikaenda zangu kuchota maji. Kurudi, nakuta kimlango kimenyooka na Papa Kabeya amekunja uso. Neno lake la kwanza tangu aingie pale lilikuwa: "Nani alikata hii bati?"

Kwa hasira! Nilitaka kucheza. Fundi akikasirikia kazi mbaya, huyo ameanza kurudi. Andikeni hilo, halimo katika vitabu vyenu.

Haikuchukua muda. Akawa anakata, anakunja, anagonga, anafundisha wengine kwa kelele. Mbabula zake zilikuwa zinakula makaa kidogo, wamama wakawa wanakataa za wengine: "Minye nataka ya Papa Kabeya, ile ingine hapana." Akawa anakula, analala, anabishana juu ya mpira, anauliza habari za watoto wake kwa majina. Nikaenda kwa Shefu kumwombea karatasi ya kutoka.

"Anatumika muzuri?" Shefu akaniuliza.

"Muzuri sana, Shefu. Amepona."

"Mama, angalia. Kama anatumika muzuri, maana dawa yako iko inamusaidia. Tukimukatia dawa, atagonjwa tena. Weye unataka agonjwe?"

"Shefu, lakini sasa iko muzima..."

"Iko muzima juu iko anatumika. Mumuache atumike."

Mnaiona akili hiyo? Mimi niliitazama kila upande na sikupata pa kuishika. Na upande wa pili ulikuwa mzuri zaidi. Yule mama aliyelia tangu asubuhi mpaka jioni na hakushika hata sindano, Shefu alimtazama akatangaza kwamba amepona, aende nyumbani. Kijana aliyekuwa anazungumza na ukuta, na ukuta unamjibu, amepona. Asiyefanya kazi alikuwa anakula bure, kwa hiyo ni mzima. Anayefanya kazi alikuwa anatulisha, kwa hiyo ni mgonjwa mahututi. Tukawa hospitali ya pekee, wagonjwa wako nje na wazima tumewalaza. Kule gerezani Buluo angalau mfungwa alikuwa anajua siku yake ya kutoka.

Halafu ikaja ile aibu ya mji wetu. Watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa waende kwao. Kwao wapi? Wengi hawakuwa wamewahi kuiona hiyo Kasai. Majirani waliokuwa wanaazimana chumvi wakaanza kuitana majina ya wadudu. Nyumba zikachukuliwa, watu wakajaa stesheni ya treni na vyungu, magodoro, wazee na watoto, wakingoja treni isiyo na ratiba. Na sisi wa hospitali ya wendawazimu ndio tuliokuwa tunaitwa wendawazimu.

Mama Ngalula akaja kutoka stesheni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, batu banasema treni itakuya. Minye na batoto tuko tunalala chini ku gare. Bwana yangu mutanipatia lini?"

"Karatasi haijatoka, mama."

"Karatasi ya nini? Eko muzima! Njo yeye anatengenezaka mbabula yenu yote!" Akakaa chini palepale mlangoni. "Nikienda bila yeye, nitamuona wapi tena? Nikibakia, batoto batanifia ku gare. Niambie weye, minye nifanye nini?"

Treni ikifika itaondoka, haitarudi kumfuata mgonjwa.

Nilimshauri Papa Kabeya atoroke, mlinzi ningemwita pembeni nimpe maneno. Akanitazama kwa dharau. "Mwizi njo anatorokaka, mama. Minye niliiba nini?" Tena askari walikuwa mitaani, wakimkuta mtu wa hospitali bila karatasi wanamrudisha kwa mateke. Basi nikafikiri kwa akili ya Shefu, maana ndiyo iliyokuwa inatawala. Anayefanya kazi mbaya anatoka. Kwa hiyo Papa Kabeya afanye kazi mbaya.

Jamani, nimefundisha watu wengi kazi, lakini kumfundisha fundi kuharibu sijaona adhabu kama hiyo. Nilisimama juu yake: kata upinde, Papa, acha tundu, usinyooshe mguu. Akatoa mbabula moja iliyoinama kama mlevi. Nikafurahi, nikaenda kumwita Shefu. Tunarudi naye, mbabula imesimama wima, inang'aa, na Papa Kabeya anaipangusa kwa kitambaa. Shefu akaichukua kwake.

"Papa, tulikubaliana nini?"

"Mama, minye siwezi. Mikono inakatala. Mama wa batu atapikia juu ya kintu ya vile? Itamwangukia na maji ya moto."

Yuko ndani, mkewe yuko kwenye mawe ya reli, mji unamtukana, na yeye anahurumia mama asiyemjua atakayeunguzwa na maji! Nilimpigia kelele. Kisha nikaingia katika stoo ya mafagio ya marehemu Papa Ilunga nikanung'unika peke yangu.

Ikabaki njia moja, na hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Asifanye kazi kabisa. Mnaelewa kwa nini niliogopa? Kukaa bila kazi ndiko kulikomtia ugonjwani. Nilikuwa namwomba mtu aliyetolewa mtoni arudi majini kidogo, ajifanye anazama. Nikamweleza hivyo wazi. Akafikiri, akasema: "Bon. Nitakaa. Na kukaa iko kazi."

Akakaa chini ya ukingo wa paa la chumba changu cha ergo, mikono kwapani. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Nikipita ananikonyeza. Shefu akipita anaachia mdomo, mate kidogo, alikuwa mwigizaji mzuri kuliko wale wa televisheni. Nyundo za wenzake zikawa zinagonga vibaya nyuma yake, naye anakunja uso, anavumilia.

Halafu akaacha kunikonyeza.

Nilifikiri anazidisha ufundi. Nikamwekea chakula, kikapoa. Nikapitisha bati lililokatwa vibaya mbele ya macho yake, kwa makusudi, likabaki bati. Nikainama: "Papa Kabeya, ni muchezo tu. Usiingie ndani." Macho yalikuwa yamefunguka, mwenyewe hayupo. Nyinyi mtasoma kwamba ugonjwa unarudi kwa sababu hii na ile. Mimi nawaambia ugonjwa aliouvua mtu unabaki na vipimo vyake, akiuvaa kwa mzaha unamkaa sawasawa.

Unga nao ukapungua, maana wamama wa Kikula walikuwa wanazitazama mbabula zetu mpya na kuondoka na unga wao. Ndipo Shefu akaja mwenyewe, tai imenyooka.

"Anatumika?"

"Hapana, Shefu."

"Anakula?"

"Hapana."

"Anasema?"

"Hata neno."

Akamzunguka, akapiga vidole mbele ya pua yake, hakuna kitu. "Basi, huyu amepona," akasema. "Atoke leo." Akatia sahihi juu ya goti lake. Nilikuwa nimeitafuta sahihi ile kama dhahabu, na nilipoipokea nilitaka kumrudishia.

Nikamshika kiwiko, tukatoka getini. Njiani nilikuwa nasema peke yangu kama mmoja wa wagonjwa wangu. Tulipokaribia stesheni nikasikia kelele: treni imefika. Mabehewa ya mizigo, yale ya kubebea magunia, na watu wanapandana juu yake. Mama Ngalula alikuwa tayari ndani ya behewa moja na watoto na vyungu. Alituona, akaruka chini, akaja anacheka na kulia. Kisha akamtazama vizuri mume wake. Akaitazama mikono.

"Mama," akaniambia polepole, "munanirudishia nani huyu? Minye niliona muntu muzima wiki yenye ilipita!"

Nimwambie kwamba ndiyo njia tuliyopata? Nikamnyooshea karatasi yangu.

Tulimpandisha behewani kama gunia, tukamketisha karibu na mlango. Na mlango wenyewe, ule mzito wa chuma wa kusukuma pembeni, ulikuwa umeruka kutoka kwenye njia yake, unaning'inia. Wanaume walikuwa wanauvuta kwa matusi, haufungi. Watoto wamekaa ukingoni, miguu nje, treni ikianza kwenda kasi ni nani angewashika? Mama mmoja alikuwa anawafunga wanawe kwa kitenge kwenye nguzo. Kichwa cha treni kikapiga honi. Wanaume wakavuta tena, chuma kikalia vibaya, kile kilio cha chuma kinachoumizwa.

Papa Kabeya akakunja uso.

Niliona. Naapa niliona kabla ya wote. Nikajizuia kumgusa, nikajizuia hata kupumua. Mkono mmoja ukatoka kwapani.

"Acheni," akasema. Sauti ilikuwa na kutu. "Acheni! Munavuta vibaya. Roda iko juu, hamuone? Nani iko na chuma?"

Mtu akampa kipande cha chuma, hakuuliza yeye ni nani. Nyundo hakuna, akaniomba jiwe la reli, nikaokota kubwa nikampa. "Mama, shika hapa. Hapana hapo, hapa." Nikashika. Akagonga, akainua kwa bega, akagonga, anawatukana wale wanaume kwa Kifaransa na Kiswahili na Kiluba, lugha zote alizokuwa nazo. Mama Ngalula amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Treni ikajikokota, ikaanza kutembea, nami natembea pembeni yake nimeshika ule mlango, mpaka roda, lile gurudumu la mlango, ikaingia njiani kwa mlio mtamu.

"Achilia, mama!"

Nikaachilia. Alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka, mikono myeusi kwa grisi. Nikangoja neno la kuagana. Akaniambia kwa sauti kubwa, ili nisikie: "Ile bati ya pipa ya bleu, musikate mbabula nayo! Iko na kutu ndani!"

Kisha akausukuma mlango. Ukateleza vizuri kabisa na ukafunga mbele ya uso wangu. Kutoka ndani nikamsikia akiupiga ngumi kuujaribu. Ulishika. Nikabaki katikati ya reli, mtu mzima na koti langu jeupe, ninalia kwa sauti, maana mgonjwa wangu alikuwa amepona, na mji wangu ulikuwa umemtupa.